Maji ya Tausi

Pampu ya maji haifi ghafla. Inalia kwanza, mwenye masikio asikie. Ile ya pikapu ya Sele ililia tangu mwezi wa Rajabu: beringi inakwaruza, tone linadondoka chini ya feni, na kila asubuhi Tausi akifagia ua anakuta kidimbwi. "Mume wangu," anasema, "gari lako limekojoa tena." Na Sele, bila kuinua macho kwenye kikombe chake, anajibu, "Nitaitazama Jumamosi." Jumamosi! Wanaume wa Makorora, Tanga, na Jumamosi zao, jamani. Ajizi nyumba ya njaa. Waliosema hivyo hawakumtaja Sele kwa jina, lakini angesikiliza vizuri angejitambua.

Tausi hakuwa mtu wa kutaka makuu. Alitaka kitu kimoja tu, apelekwe Maramba kwa mama yake, Bi Mwanahamisi, ambaye miguu ilikuwa imemvimba hata kupanda basi hawezi. Safari zao za zamani walikuwa wakikaa wote watatu kwenye kile kiti kirefu cha mbele, Sele kwenye usukani, mama mkwe mlangoni, Tausi kati. Lazima awe kati, maana mtu na mkwewe hawabanani bega kwa bega, ni aibu. Basi Sele akamwahidi mama mkwe kwenye simu, kwa kinywa kipana: "Mama, nitakuletea mwanao mimi mwenyewe, kwa gari langu." Ahadi ni deni, na yeye aliitoa kama mtu anayegawa karanga.

Alhamisi moja asubuhi Tausi akasema kichwa kinamgonga. Akajilaza. Kabla ya adhuhuri alikuwa hayupo. Presha, walisema hospitali, na nyumba ikajaa watu.

Bi Mwanahamisi alipopewa habari alisema neno moja: "Nisubirini." Angetafuta usafiri afike asubuhi, amwoshe mwanawe kwa mkono wake. Wazee wakatikisa vichwa, maiti hasubirishwi. Wakamgeukia Sele, mume, atoe kauli. Gari la kumfuata yule mama lilikuwa pale pale uani, limekufa, kidimbwi chini yake. Sele akalitazama, akawatazama wazee, akasema, "Tumzike." Alasiri ilipokwisha, Tausi alikuwa chini ya mchanga.

Jioni ile simu iliita. "Sele," akasema mama mkwe, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, afadhali ingetetemeka. "Uliniahidi utaniletea mwanangu, hukumleta. Nikakuomba unisubiri nimmwagie maji, japo kata moja. Hukunisubiri. Mimi nimemzaa, na maji yake ya mwisho wamemmwagia watu wengine. Mimi na wewe basi." Akakata. Kuanzia hapo hakupokea simu tena.

Hilo ndilo lililomkosesha Sele chakula. Kufiwa ni amri ya Mungu, mtu atalia atanyamaza. Lakini kuishi na kinyongo cha mama aliyekuzalia mke, na arobaini ifanyike yeye hayupo, nani ataweza? Aliona hana budi aende mwenyewe Maramba, apige magoti, amwombe radhi na amlete. Na kwenda ni kwa gari lile lile. Hata kama lingekuwepo jingine, asingelipanda.

Kwa hiyo pampu ikabadilishwa Jumapili. Aliyemsaidia ni Godlisten, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Mpare, Mlutheri, ambaye baba yake alikuja Tanga kukata mkonge. Huyu sanduku lake la spana lilikuwa kubwa kuliko kabati lake la nguo. Alitoka kanisani, akavua shati jeupe, akavaa ovaroli, akaja huku bado anavumisha tenzi.

"Pole, jirani," akasema. "Leo tumalize hii habari."

Wakachomoa waya wa betri. Wakafungua koki ya chini ya rejeta, maji yakatoka mekundu kwa kutu. Wakalegeza mkanda, wakatoa feni, wakakutana na bolti moja iliyogoma kama punda, wakaipaka mafuta na kuibembeleza kwa nyundo mpaka ikakubali. Pampu ilipotoka, Godlisten akaigeuza mkononi. Mapanga yake ya ndani yalikuwa yameliwa, yamebaki kama meno ya mzee.

"Umeiua mwenyewe," akasema. "Maji ya kisima chenu yana chumvi. Nilikwambia."

"Uliniambia," akasema Sele. "Na Tausi aliniambia."

Godlisten akachukua kipande cha boksi, akakiweka juu ya mdomo wa pampu mpya, akakigongagonga kwa nyundo ndogo pembeni kote mpaka kikajikata chenyewe kwa umbo lake. Hiyo ndiyo gasketi. Wakaipaka grisi, wakafunga pampu, feni, mkanda. Sele akaingia chini ya gari kukaza mpira wa rejeta.

"Maji!" akaita kutoka kule chini. Bomba lilikuwa kavu, mgao wa Makorora haujui Jumapili wala msiba.

"Ya kisima sitii!" akajibu Godlisten, akaondoka kutafuta. Alirudi na ndoo nyeupe ya mfuniko, ameikuta nyuma ya msala, choo cha uani, chini ya mpera, maji nusu ndoo, meupe, yametulia. "Haya ndiyo maji," akasema, akaanza kumimina. Rejeta ikayanywa yote, haikutema hata tone. Gari likawaka kwa mkupuo wa kwanza, lenyewe ambalo kwa miaka lilikuwa haliwaki bila kutukanwa. Godlisten akainamia injini, akanusa. "Ajabu. Linanukia kabati la bibi yangu."

Sele hakunusa kitu. Pua yake ilikuwa imeziba kwa kulia chini ya gari, mahali ambapo mwanaume anaweza kulia akasingizia vumbi.

Jumatatu asubuhi akashika njia. Alipofika Mabokweni, pale barabara ya Maramba inapoachana na ile ya Horohoro, pua yake ilikuwa imezibuka, na harufu ikaingia. Ilitoka kwenye matundu ya hewa, nyembamba, baridi, ikapanda mpaka nyuma ya macho. Kafuri. Sele aliijua. Nani asiyeijua? Ni harufu ya sanda na udongo mbichi. Akajiambia ni nguo zake, msiba umemganda mwilini. Akashusha kioo. Upepo ukaingia, harufu haikutoka.

Kisha akatazama mshale wa joto. Gari lile lilikuwa likichemka hata kupanda tuta la barabarani. Leo mshale ulikuwa umelala chini kabisa, haujainuka tangu Makorora. Si kwamba umeharibika, kwani asubuhi alipowasha tu ulishtuka juu kidogo, kisha ukarudi chini taratibu, kama mtu aliyebadili nia. Jua linawaka juu ya mkonge pande zote mbili, na hewa inayompuliza magotini ni ya baridi. Gari lenyewe halikuwa na kiyoyozi, halijawahi kuwa nacho.

Kuna kona moja mbele ya daraja ambayo Tausi aliiogopa. Kila safari, wakiifikia, alimgusa mumewe paja: "Punguza, Sele." Siku ile Sele aliifikia akiwa na mawazo, mguu umekaza mafuta. Gari likapunguza mwendo. Hakugusa breki, wallahi hakugusa. Lilipunguza, likapita kona kwa adabu, likaongeza tena upande wa pili. Sele akapeleka mkono kwenye kiti cha kati, bila kujua anatafuta nini. Kilikuwa kimelowa.

Hapo simu ikaita. Akasimama pembeni, chini ya mkorosho. Ni dada yake, Mwatumu, ambaye ndiye aliyesimamia kuoshwa kwa Tausi.

"Sele, ile ndoo nyeupe nyuma ya msala iko wapi?"

"Godlisten aliichukua. Tulitia maji kwenye gari."

"Kwenye gari wapi?"

"Kwenye rejeta. Si nilikwambia nabadilisha pampu?"

Akamsikia dada yake akivuta pumzi. "La ilaha illallah. Sele, yale ni maji ya Tausi. Yale ya mwisho, ya kafuri, yalibaki. Nilitaka kuyamwaga kwenye ufuo, lile shimo la maji ya kuoshea, pamoja na mengine, kumbe vijana wameshafukia shimo. Nikayafunika, nikasema nitayamwaga baadaye mahali pasipokanyagwa. Watu wakawa wengi, nikasahau. Kosa ni langu, ndugu yangu. Nisamehe."

Sele akaushika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limesimama. "Basi nayamwaga hapa hapa."

"Hapo? Barabarani? Wapite juu yake pikipiki na ng'ombe? Utamwaga mkeo njiani, Sele?"

"Dada, maji ni maji. Hata Shekhe atakwambia."

"Basi mwite Shekhe aje aendeshe," akasema Mwatumu, akakata.

Sele akazima gari. Akashuka, akafungua boneti. Bati lilikuwa la baridi, limefanya umande juu, na umande ule saa nne za asubuhi, jua limeshakuwa kali. Akainama, akashika koki ya rejeta. Wallahi billahi alitaka kuifungua. Lakini akasikia kitu. Injini imezimwa, mkanda umetulia, feni haigeuki, na ndani ya bomba maji yanatembea. Yanakwenda, yanarudi, polepole, kama mtu anayesuuza kikombe chumba cha pili. Pampu mpya ilikuwa inazunguka bila kuzungushwa.

Akauachia mkono wake ukaanguka. "Tausi," akasema. Maji yakasimama. Akangoja, akahema, yakaendelea.

"Shikamooni!"

Sele aliruka nusura ajigonge boneti. Ni msichana wa watu, mwalimu mgeni wa shule moja ya kule mbele, anaitwa Loveness, mkoba begani, viatu mkononi, anaomba lifti. Lakini amesema shikamooni, salamu ya watu zaidi ya mmoja, na Sele yuko peke yake.

"Marahaba. Panda mbele," akasema Sele haraka, maana alitaka binadamu wa kukaa naye, yeyote.

Loveness akachungulia ndani, akatabasamu kwa heshima, akarudi nyuma. "Hapana, baba. Nitakaa huko nyuma, msibanane." Na akapanda nyuma kwenye karai na kamba, akajifunga kanga kichwani.

Sele hakumuuliza. Kuna maswali mtu huyaacha kwa sababu anajua jibu lake. Akaingia kwenye gari kwa upole, akafunga mlango taratibu, akasogea kidogo upande wa dirisha kuacha nafasi. Na toka hapo mpaka njia panda ya shule, hofu yake ikachanganyika na kitu kingine, ambacho alikionea haya: alifurahi. Alikuwa anamleta. Amechelewa, kwa njia isiyosemeka, lakini anamleta kwao.

Loveness alishukia shuleni kwake. "Ahsante, baba," akasema. Kisha akainama dirishani, upande wa pili. "Pole kwa safari, mama. Umelowa." Akaenda zake.

Bi Mwanahamisi alikuwa amekaa kibarazani kwake Maramba, miguu juu ya kigoda, ushungi mweusi. Aliliona gari tangu linaingia njia ya mihogo, wala hakusogea. Sele akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

Hakujibiwa. Mnajua uzito wa shikamoo isiyojibiwa? Inabaki hewani, na aliyeitoa anabaki chini yake. Sele akasimama hivyo hivyo.

Yule mama alikuwa hamtazami yeye. Anatazama gari. "Mbona mwenzio hashuki?" akasema.

Sele angeweza kudanganya. Angesema ni kivuli, ni jua kwenye kioo. Alikuja kuomba radhi, na neno alilokuwa nalo kinywani lingemfukuzisha hata uani: kwamba maji ya josho la mwanawe yametiwa kwenye gari kama maji ya bomba. Mama gani atasikia hivyo asipige yowe? Lakini alikuwa amechoka na ahadi zake mwenyewe.

Akapiga magoti mchangani, akamweleza yote. Pampu, ndoo, Godlisten asiyejua, Mwatumu aliyesahau, kona ya daraja, koki aliyoishika akashindwa kuifungua. "Sikutaka kumdhalilisha, mama. Sikujua. Ila sikummwaga njiani."

Bi Mwanahamisi akalitazama gari mpaka kuku wakazoea kuwepo kwa Sele, wakaanza kudonoa pembeni ya magoti yake. Kisha akachukua fimbo, akainuka kwa tabu, akashuka barazani. Alilifikia gari, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Baridi," akasema. Akanusa. Mdomo wake ukatetemeka kwa mara ya kwanza. "Ndivyo alivyokuwa?"

"Ndivyo, mama."

"Kalete beseni. Na kata, iko juu ya mtungi."

Akaagiza gari lisogezwe nyuma ya nyumba, kwenye mnazi mmoja mrefu ambao kitovu cha Tausi kilizikwa chini yake alipozaliwa. Sele akalala chini, akafungua koki. Rejeta ile, yenye kutu ya miaka, ilitoa maji meupe kama ya mvua. Mama akakaa kwenye kigoda, akachota kwa kata.

"Bismillahi." Akamimina upande wa kulia wa shina. "Kulia kwanza, mwanangu." Akachota tena. "Sasa geuka, nikuoshe kushoto." Sele alikuwa anatazama mchanga, na aliona mchanga ule, palipokuwa pakavu bila jani, ukilala chini kidogo upande mmoja, ukainuka mwingine. Akafumba macho. Aliyasikia maji na sauti ya mama ikinong'ona mambo ya mama na mtoto, habari za nywele, habari za mlango wa jikoni ulioanguka, vikombe, majirani, mvua ya mwaka huu. Beseni likijaa Sele analisogeza kwa kupapasa, likiisha analirudisha chini ya koki. Godlisten alitia nusu ndoo. Zilizotoka pale Sele aliacha kuzihesabu, wala mchanga haukulowa, ulikunywa kila tone.

"Basi," akasema Bi Mwanahamisi. Na koki ikakauka pale pale.

Yale maji yalipokwisha, kitu kikaalika ndani ya injini, tik, tik, chuma kikijinyoosha. Sele akaweka mkono kwenye boneti na kuutoa upesi. Linaunguza. Injini iliyozimwa muda wote ule ilikuwa ya moto, kama gari lolote lililotoka Tanga kwenye jua.

"Jaza maji ya kisima changu," akasema mama. "Hayana chumvi. Ngoja nichukue mtandio."

Hakusema amesamehe wala hakusema anakwenda wapi. Sele alijaza, akasubiri mapovu yaishe, akafunga mfuniko. Mshale ukapanda mpaka katikati na kukaa hapo, mahali pake. Pampu ilikuwa inafanya kazi ya pampu, haina zaidi.

Bi Mwanahamisi alipanda mbele, akajibana mlangoni kama zamani, na Sele akajibana kwenye usukani, na kati yao ikabaki nafasi ya mtu mmoja. Wakatoka hivyo, wakapita shule, wakapita mkorosho. Walipoikaribia kona ya daraja Sele akangoja, mguu wake juu ya mafuta. Gari halikupunguza. Akakanyaga breki mwenyewe, kwa kuchelewa, matairi yakaburura kokoto. Akapeleka mkono pale kati. Kiti kilikuwa kikavu, kina joto la jua, kina mchanga kidogo wa barabarani. Akakipapasa mpaka mwisho. Kikavu chote.

Hapo ndipo Sele alipolia, kilio cha sauti, si kile cha chini ya gari. Alilia usukani ukicheza mikononi mwake, mbele ya mkwewe, bila aibu, bila vumbi la kusingizia. Alimlilia mkewe kama aliyeambiwa habari sasa hivi.

Mama mkwe akanyoosha mkono wake uliokunjamana, akauweka pale kwenye nafasi ya kati, juu ya mkono wa Sele.

"Shikamoo yako sikuijibu," akasema. "Marahaba, mwanangu. Sasa angalia barabara."